Likizo Iliyopangwa na Mshenga

Moraa, mama Machuki, muuza ndizi wa soko la Rodi Kopany, hakuwahi kwenda likizo mpaka alipokuwa nyanya wa watoto wawili. Na hiyo likizo ya kwanza nusura imvunjie ukoo.

Tumweleze kidogo, maana si mtu wa kujieleza. Alitoka Kisii akiwa bibi harusi, akamfuata Motari aliyekuwa amefungua kinu cha kusaga mahindi hapo Rodi. Wakanunua kiwanja, wakapanda miti, wakazaa Machuki na Phanice. Kidholuo alikijua kwa kuuza ndizi, na siku hizi akibishana na mteja watu wanasahau kwao ni wapi. Bei yake haishuki kwa kelele. Anakusikiliza mpaka umalize, anatabasamu, halafu anakutajia bei ile ile. Ijumaa mchana anafunika meza yake kwa turubai, na Jumamosi hata ukimletea lori la ndizi za bure, atakuambia kwa upole urudi kesho, leo ni ya Bwana.

Machuki alikua akawa karani wa duka la vifaa vya ujenzi mjini Migori, kijana mwenye moyo mzuri na haraka nyingi. Phanice aliolewa na Gordon Ochieng, fundi wa pikipiki huko Kehancha, ambaye watu wake ni Wakatoliki wa Rangwe. Mshenga wa ndoa hiyo alikuwa Millicent, shangazi yake Gordon, muuza vitenge mwenye kicheko cha kusikika mpaka ng'ambo ya barabara.

Sasa, ile likizo ya kwanza. Ilikuwa Agosti, shule zimefungwa. Machuki aliona kwenye simu picha ya nyumba kando ya ziwa, mbele kidogo ya mji wa Homa Bay ukielekea Mbita, akailipia na kuishika siku hiyo hiyo. Hakumuuliza mama, hakumuuliza baba, hakumuuliza shemeji. Alipiga simu kila upande akisema, "Mjiandae, familia yote tunaenda kupumzika." Wote wakamshukuru.

Walipofika wakaona nyumba yenyewe. Ilikuwa nzuri, hakuna wa kuisema vibaya. Lakini ilikuwa nyumba moja ndefu, vyumba vimepangana kwenye ujia mmoja, na bafu ni moja.

Kwa Wakisii, mama mkwe na mkwe wake hawalali chini ya paa moja. Baba naye hawezi kulala ukuta kwa ukuta na mke wa mwanawe. Haya hiyo inaitwa ensoni, na anayeivunja hajifanyii aibu peke yake, anaifanyia nyumba nzima. Wajaluo nao wanayo yao, na haikosi uzito. Basi wote pale walijua. Ila jambo lenyewe lina ugumu wake: wale linaowahusu ndio hawawezi kulisema. Kulitaja tu tayari ni aibu. Motari akaitazama nyumba, akanyamaza. Gordon akaitazama, akanyamaza. Phanice akamtazama mama yake, na mama yake akatazama mfuko wa nguo. Machuki peke yake, aliyelelewa na simu na mji, alizunguka akifungua milango na kuonyesha vitanda.

Gordon kwa kukimbia ile nyumba aliwachukua watoto wake ziwani kuoga. Moraa na Motari, kwa kukimbia nyumba hiyo hiyo, wakashika njia ya ziwani kwenda kupunga upepo. Njia ilikuwa moja. Wakakutana kwenye kona ya matete, Gordon amevaa chupi tu, sabuni imejaa kichwani.

Motari aligeuka akautazama mlima. Moraa akajifunika uso kwa leso. Gordon akaingia kwenye matete, na huko akabaki mpaka watoto wakaanza kumtafuta.

Kana kwamba hayo hayatoshi, mezani kulikuwa na mumi. Gordon mwenyewe ndiye aliyemnunua Homa Bay, samaki mkubwa, akisema wakwe zangu leo watakula. Naye mumi hana magamba, na nyumba ya Moraa inafuata Mambo ya Walawi, samaki asiye na magamba haliwi. Motari akasukuma sahani pembeni taratibu. Gordon akaiona ile sahani ikisukumwa. Jua halijatua, alikuwa ameshawapanga watoto garini. Alisema pikipiki ya mteja inamngoja Kehancha.

Krismasi hawakuja. Likizo ya Aprili hawakuja.

"Mama, anasema atakuja," Phanice alikuwa akisema kwenye simu. "Ila hasemi lini."

"Amekasirika?"

"Sijui. Nikimuuliza anachukua spana anatoka nje." Akashusha sauti. "Mara moja tu alisema, mwanaume aliyeonwa hivyo na wakwe zake atasimama kwao namna gani. Tena hata chakula chake walikikataa."

Moraa aliumia. Paul, mjukuu wake mkubwa, alikuwa ameng'oka meno ya mbele yakaota mengine, na nyanya hakuyaona. Bonareri mdogo alijifunza kusoma, akamsomea nyanya ukurasa mzima kwenye simu, mtandao ukikatika kila mstari wa pili. Na si kwamba wamefukuzana, wala hakuna tusi lililotamkwa. Ndiyo maana hakukuwa na mahali pa kuanzia kuomba msamaha. Aliogopa kwamba Krismasi nyingine ikipita hivi, kutokuja kutageuka desturi, na watoto watakua wakijua njia ya Rodi Kopany kwa kusikia tu.

Aliomba. Moraa haombi kwa kelele. Alimwambia Mungu, "Baba, mimi sikuombi unibebe. Nionyeshe tu mlango." Halafu akaendelea kupanga ndizi.

Mwezi wa saba ulipoingia, Machuki akaanza tena. "Mama, mwaka huu nimepata mahali pengine poa sana, iko na dimbwi ya kuogelea. Nishike?"

"Usishike."

"Mama, zitaisha."

"Ziishe. Mwaka huu wewe utabeba mizigo, mwanangu. Kupanga niachie."

Machuki akacheka, akidhani ni utani. Hakuwa amemwona mama yake vizuri.

Jibu la ombi lilimjia Moraa palepale mezani, mikono yake ikiwa ndani ya majani ya migomba. Alikumbuka ndoa ya Phanice. Wakati ule nyumba mbili zilikuwa na mambo mengi ya kuambizana yasiyosemeka uso kwa uso: ng'ombe, dini, nani atalala wapi siku ya harusi. Na yote yalisemwa, kwa kuwa mshenga aliyabeba. Sasa kama mshenga aliweza kubeba habari za ng'ombe, atashindwa na habari za bafu?

Jumapili akaenda Rangwe. Alimkuta Millicent akikunja vitenge, naye akamwekea kigoda.

"Mama Machuki mwenyewe," Millicent alisema. "Nani amekufa?"

"Hakuna. Nataka uniposee."

"Nikuposee nani, na Motari yuko hai?"

"Uniposee mkwe wangu arudi."

Millicent alicheka mpaka akaketi juu ya vitenge vyake. Kisha akasikiliza, na alipomaliza kusikiliza hakuwa anacheka. "Huyo mtoto wa kaka yangu," akasema, "alinyonya haya pamoja na maziwa. Sawa. Lakini kazi ya ushenga ina chai na sukari, na mimi nakunywa nyingi."

Basi likizo ya familia ikapangwa kama ndoa. Moraa alikuwa amefunzwa na ile ya kwanza. Kosa halikuwa nyumba mbaya, lilikuwa kwamba kila mtu alipangiwa furaha na mtu mwingine. Kwa hiyo akaanza kwa kuuliza, na yale asiyoweza kuuliza akayatuma.

Millicent alikwenda Kehancha akarudi na maneno ya Gordon. Alitaka kuogelea na watoto wake bila kuchungulia kila kona. Alitaka asubuhi moja asiamshwe na mtu. Alitaka misa ya Jumapili kwanza, safari baadaye. Kuhusu mwaka jana hakusema neno.

"Na samaki?" Moraa aliuliza.

"Nilimweleza mambo ya magamba. Aliniuliza mara mbili, 'Waya, shangazi yangu, kwa hivyo haikuwa dharau?' Nikamwambia hata Musa angeletewa mumi angesukuma sahani."

Trizah, mke wa Machuki, alipoulizwa alishtuka kidogo, maana mwaka jana hakuna aliyemuuliza. "Mama, mimi nataka nisipike," akasema. "Ile ziwa niliiona kwa dirisha ya jikoni." Motari alitaka kiti kinachotazama maji, na asiulizwe kila saa kama anafurahi. Phanice alitaka kukaa na mama yake peke yao, hata kama ni kuchambua mboga tu. Machuki alitaka kila kitu: twiga wa Ruma, kuta za mawe za Thimlich Ohinga, chemchemi za maji moto, mashua mpaka kisiwani.

"Chagua kimoja," mama yake akamwambia.

"Kimoja, mama? Watoto wataboeka."

"Mwaka jana hawakuboeka, na tulirudi vipi?"

Machuki akachagua twiga.

Moraa hakuiamini picha tena. Alipanda pikipiki na gari akaenda na Millicent kuona mahali penyewe kwa macho. Walipata nyumba mbili kwenye kiwanja kimoja, moja kubwa na moja ndogo, ua wa miti umezitenga, kila moja na bafu lake na njia yake ya kushuka ziwani. Mlinzi wa hapo, mzee aitwaye Omanga, aliwaambia Agosti upepo huamka mchana na maji yakachafuka, kwa hiyo watoto waoge asubuhi. Moraa akashukuru. Hilo nalo picha haikulisema.

Halafu akauliza kanisa la Waadventista liko wapi. Waliongozwa mpaka kwa mjane mmoja wa kanisa, Zilpah, anayekaa juu ya kilima kidogo na kuku wake. Waliomba pamoja, na kabla ya kuondoka Moraa akamwuliza kama, likitokea lolote, angeweza kuwahifadhi wazee wawili.

Njiani Millicent alimshika bega. "Umeshika nyumba mbili, bado unatafuta ya tatu. Hii ni likizo ama ni vita?"

"Nuhu alijenga safina jua likiwaka, dada."

"Nuhu hakunitembeza kilima na viatu hivi."

Wakaondoka Jumapili, baada ya misa ya Gordon. Gordon alitoka Kehancha na gari lake la Probox, Phanice na watoto ndani, akampitia Millicent. Machuki alikodi gari kubwa akawabeba wazazi na Trizah. Magari mawili yakafika ziwani karibu kwa pamoja. Salamu zikawa za mbali na za adabu, Gordon ameinamisha macho, Moraa naye akiwatazama wajukuu tu. Bonareri alimkimbilia akamkumbatia miguu. Moraa akasema moyoni, nusu ya njia, Bwana.

Ndipo mzee Omanga akaja akiikunjakunja kofia yake. Upepo wa jana yake ulikuwa umeng'oa mabati ya nyumba ndogo. Fundi angekuja, lakini si leo, wala si kesho. Iliyobaki ni nyumba kubwa peke yake.

"Lakini iko na vyumba mingi," Machuki alisema haraka. "Si tutoshane tu wote humo?"

Kimya kikashuka. Moraa alikitambua. Kilikuwa kimya kile kile cha mwaka jana, hakikupungua hata kidogo. Motari aliukazia macho mlima. Phanice akamtazama mama yake. Na Gordon, aliyekuwa bado ameketi kwenye usukani, alipeleka mkono wake kwenye ufunguo wa gari.

Moraa aliuona ule mkono. Alijua kwamba ufunguo ukizunguka, hatawaona tena hawa mpaka kwenye matanga ya mtu.

Hakuenda kwenye gari. Alimgeukia Millicent, na kwa sauti ya sokoni ambayo huitumia mara chache, akasema, "Mama mshenga, mwambie mkwe wetu nyumba kubwa ni yao vijana. Watoto walale watakapo. Sisi wazee tunalala kwa dada yetu Zilpah pale juu, alishatukubalia siku nyingi. Njia yetu ya kwenda kupunga upepo ni ile ya upande wa kanisa. Hii ya hapa ni ya wenye kuoga."

Millicent alikuwa amesimama mkono mmoja juu ya Probox. Akainama dirishani, akamwambia Gordon maneno yote tena, neno kwa neno, kana kwamba Gordon ni kiziwi.

"Nimesikia, Waya," Gordon akasema.

"Najua umesikia. Mimi ninafanya kazi yangu."

Mkono ukatoka kwenye ufunguo. Gordon akafungua mlango, akashuka, akaanza kutoa godoro la watoto.

"Mimi nilikuja kuona ziwa," Motari akasema, akichukua fimbo yake. "Sikuja kuona mabati." Na akapanda kilima mbele ya wote, mkewe nyuma yake, mwendo wa watu wanaoenda kwao.

Machuki ndiye aliyebeba mizigo yao. Katikati ya kilima aliiweka chini, akahema. "Mama, ndiyo maana mwaka jana..." Alikuwa mkubwa wa kutosha kuona, na sasa ameona.

"Beba, mwanangu," Moraa akamwambia. "Unaendelea vizuri."

Asubuhi, Motari aliketi nje kwa Zilpah kwenye kiti kinachotazama maji. Kicheko kilipanda kutoka chini. Huwezi kuona mtu kutoka pale, miti imeziba, lakini sauti zilifika zote: Paul akipiga maji, Bonareri akilia kwa furaha, na Gordon akicheka kicheko kirefu walichokuwa hawajawahi kukisikia. Kumbe alikuwa na kicheko cha shangazi yake.

"Anacheka," Motari akasema.

"Usimwulize kama anafurahi," Moraa akamjibu, na mzee akatikisika mabega.

Trizah hakupika. Mama mmoja wa kijijini alipika, na Trizah alikaa mchangani na miguu ndani ya maji mpaka vidole vikakunjamana. Phanice alipanda kwa Zilpah, akachambua mboga na mama yake mpaka mboga zikaisha, na wakaendelea kukaa. Siku ya twiga walikwenda Ruma, magari mawili, wakaona twiga watatu na swala wengi, Machuki akapiga picha mpaka simu ikazima. Walirudi mapema, watoto wakalala mchana. Hakuna aliyekimbizwa.

Jumatano, Millicent alipanda kilima akiwa amebeba beseni, akihema na kuwalaani viatu. Ndani mlikuwa na samaki wawili wakubwa wa ngege, wabichi.

"Mkwe wenu ameingia na wavuvi alfajiri," akasema. "Nilitaka kuwaparua, akanikataza. Amesema niwalete hivi hivi, mama aone magamba kwa macho yake."

Moraa aliwachukua wale samaki kwa mikono miwili. Alipitisha kidole juu ya magamba, polepole, akarudia tena. Kisha akainama akawaparua mwenyewe.

Motari akasema, "Mwambie aje tule."

Chakula kiliwekwa kwa heshima zake. Wanaume walikula nje kivulini, Moraa na Millicent wakakaa ndani ya mlango, pazia likiwa katikati. Motari alikula kichwa cha ngege mpaka mifupa ikang'aa. Hakusukuma sahani. Gordon alinawa, kisha akasema kuelekea pazia:

"Waya, mwambie mama mwaka jana nilikimbia kwa sababu ya aibu. Haikuwa hasira."

Moraa alikuwa umbali wa mkono. Millicent hata hivyo akamgeukia. "Anasema ni aibu, si hasira."

"Mwambie mwanangu," Moraa akajibu, "kwamba siku ile mimi sikuona kitu. Nilikuwa nimefumba macho nikiomba."

"Anasema alikuwa anaomba."

"Alikuwa anaomba nini?" Gordon akauliza.

"Kwamba matete yawe marefu," Moraa akasema.

Motari alipaliwa na mfupa kwa kucheka, ikabidi Machuki ampige mgongoni. "Mimi niliona mlima tu," mzee akasema alipopata pumzi. "Mlima mzuri sana." Sasa Gordon naye alicheka, kile kicheko chenyewe, karibu, na Moraa akasikia kifuani kama mtu amemtua mzigo wa ndizi.

"Mimi nimechoka kubeba maneno ya hatua mbili," Millicent akasema. "Nilipoposa nilipewa kuku. Hapa nimepata malengelenge."

Alhamisi wakaanza safari ya kurudi. Probox ilitangulia, gari la Machuki nyuma. Moraa aliketi karibu na dirisha. Kwenda Kehancha ni lazima kupita Rodi Kopany, lakini kupita si kuingia. Hakuwa ameuliza kama wataingia. Alijikataza kuuliza, hata kwa mshenga. Aliyeombwa aingie huingia kwa adabu, naye hakutaka adabu peke yake. Kwa hiyo alitazama taa za nyuma za Probox, wakapanda kutoka Homa Bay, wakakaribia soko. Watu wa ndizi walimpungia mkono. Hakuwaona.

Walipokaribia barabara ya udongo iendayo kwake, taa ya kushoto ya Probox ikaanza kuwaka na kuzima.

Ikakata kona. Kuku wa jirani wakatawanyika. Paul aliruka chini gari halijasimama sawasawa, akaenda kuvuta lango kwa mikono yote miwili, na Probox ikaingia mpaka katikati ya uwanja, kama gari linalojua mahali pake.

Moraa aliposhuka, Gordon alikuwa tayari ameshusha godoro la watoto na kulielekeza kwenye nyumba ndogo ya uani, aliyojengewa Machuki alipokuwa kijana. Alisimama mbele ya mama mkwe wake, macho chini kidogo, si sana.

"Mama, watoto watabaki mpaka shule zifunguliwe," akasema mwenyewe, bila mtu katikati. "Nitawafuata. Na Krismasi tunakuja, usipange kitu kingine."

"Karibu nyumbani, baba Paul," Moraa akasema.

Alikwenda jikoni kuwasha moto, na njiani akaanza wimbo wa Sabato, siku ikiwa bado ni Alhamisi.